Kabla hujanunua Mac ya kueditia

Kila wiki hakosi kijana wa kuniandikia: "Kaka, nichukue Mac au Windows?" Simjibu mpaka aniambie anafanya kazi na nani, na umeme wa kwao ukoje.

Mimi naediti video za harusi na sendofu hapa Dar es Salaam. Nilianzia kwenye kompyuta ya mezani ya Windows niliyoungiwa na fundi wa Kariakoo, kifaa kimoja kimoja. RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ikinielemea naongeza, diski ikijaa napachika nyingine. Mwaka 2021 nikahamia laptopu ya Mac yenye chipu ya M1 ya Apple wenyewe, na wiki ile ya kwanza nilijiona mjanja kweli. Umeme ulikatika saa mbili usiku, jirani akahangaika na jenereta lake, mimi naendelea kuediti kwa chaji na mashine haijapungua kasi. Laptopu nyingi za Windows zenye kadi kubwa ya grafiki, ukichomoa waya tu zinaanza kujivuta.

Halafu mpiga picha mwenzangu akaniletea hadi diski, akitaka filamu ikiisha nimrudishie humo humo. Alikuwa ameiformati kwa NTFS, mfumo wa Windows wa kupangia mafaili kwenye diski. Mac inaisoma NTFS vizuri tu, lakini kuiandikia haiwezi hadi uweke programu ya ziada. Sikulijua hilo. Filamu inatakiwa asubuhi, shangazi wa bibi harusi keshapiga simu mara tatu, na saa hizo duka gani liko wazi? Nikaazima diski ya shemeji, nikahamisha kwanza taarabu zake zote, ndipo nikaiformati kwa exFAT, ambayo Mac na Windows zote zinaisoma na kuiandika. Nililala saa kumi na moja alfajiri.

Kosa jingine ni la ubahili wangu: nilichukua ya RAM ya GB 8. Kwenye Mac hizi RAM imeshikamana na chipu, kwa hiyo hakuna fundi wa kukuongezea, awe wa Kariakoo au wa wapi. Kama pesa ya GB 16 haijatimia, subiri.

Kuhusu programu za kueditia, Final Cut Pro ya Apple ni tamu lakini haipo Windows, na mradi ulioanzia humo huwezi kumpa mwenzako wa Windows aufungue hivi hivi. Premiere Pro ipo kote, ila unalipia usajili, na harusi Kwaresima huwa zinaadimika. Anayeanza namwelekeza DaVinci Resolve: ina toleo la bure, inakaa Mac, Windows, hata Linux. Ijifunzie kwenye mashine uliyonayo, kama inaimudu.

Mimi sasa natumia zote mbili. Mac naenda nayo ukumbini, ile ya mezani inabaki nyumbani na kazi ndefu. Diski ya exFAT haitoki kwenye begi. Ni ile ile ya shemeji, bado sijamrudishia.