Mimba ya kwanza, nisubiri nijifungue ndo niulize kuhusu kunyonyesha?

SWALI: Dada, nina mimba ya miezi 7, ya kwanza, kila mtu ananiambia lake, huyu nyonyesha, yule maziwa ya kopo, nimechanganyikiwa. Nisubiri kwanza nijifungue?

JIBU: Usisubiri mdogo wangu, kliniki ijayo muulize nesi kabisa, tena nenda na baba kijacho maana yeye ndo mtakuwa wote usiku mtoto akilia. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, halafu maziwa ya mama tu mpaka miezi 6, hata maji hapana. Yale ya njano ya mwanzo usiyamwage jamani, yana kinga! Kama unatumia dawa, una VVU au ulishafanyiwa opresheni ya matiti mwambie nesi mapema, na ukitaka kopo sema wazi, una haki ya kuelekezwa bila kugombezwa.