Anza na tukio moja: kwa wanaoingia kwenye kazi ya data za tovuti

Ukikabidhiwa akaunti ya takwimu za tovuti kwa mara ya kwanza, mkono hukimbilia dashibodi. Ziache kwanza. Grafu hizo zimeshajumlisha na kuchuja, nawe bado hujui kilichojumlishwa ni nini. Fungua tovuti yenyewe, bonyeza F12 kufungua zana za waandishi wa programu, ingia kichupo cha Network, kinachoorodhesha maombi yote ambayo kivinjari hutuma, weka alama kwenye Preserve log ili orodha isifutike ukihama ukurasa, kisha andika collect, neno lililomo kwenye maombi yanayopeleka takwimu, kwenye kisanduku cha kuchuja. Sasa bofya kitufe kimoja tu na utazame kinachotoka.

Tuseme tovuti inatumia Google Analytics 4 (GA4), kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi tangu mtangulizi wake, Universal Analytics ya kawaida, ilipoacha kuchakata data mpya Julai 2023. Ombi linalotoka limejaa vifupisho, lakini vinazoeleka upesi: en ni jina la tukio, yaani kitendo kimoja kilichorekodiwa kama kubofya au kufungua ukurasa, dl ni anwani ya ukurasa, cid ni kitambulisho cha kivinjari, sid ni cha sesheni, yaani ziara moja ya mgeni. Vigezo vya maandishi hutanguliwa na ep, vya namba na epn. Jibu la seva huwa 204, yaani limepokelewa na halina maudhui. Hapo wengi hushusha pumzi mapema. Seva hiyo hupokea hata upuuzi bila kulalamika, kwa hiyo 204 inakuambia kitu kimefika, haikuambii kiko sahihi.

Usipoliona tukio lako, usiandike bado kwamba halitumwi. Matukio kadhaa huweza kufungwa kwenye ombi moja, na hapo jina halionekani kwenye anwani. Bofya ombi, fungua kichupo cha Payload, utayakuta mstari kwa mstari. Angalia pia kama kivinjari chako kina kizuia matangazo, au kama ulikataa vidakuzi wiki iliyopita na tovuti bado inakumbuka. Nasisitiza hatua hii kwa sababu mabishano mengi kati ya watu wa data na waandishi wa programu humalizwa na ombi moja lililofunguliwa mbele ya wote wawili.

DebugView, ukurasa wa majaribio ndani ya GA4, nayo itakusaidia, maana huonyesha matukio ya kifaa chako ndani ya muda mfupi, wakati ripoti za kawaida zinaweza kuchukua saa 24 hadi 48 kukaa sawa. Ukihukumu mabadiliko ya asubuhi kwa ripoti ya jioni, utasaka hitilafu ambayo haipo.

Kisha nenda kwenye data ghafi. Kama bado huna ya kwako, BigQuery, hifadhi ya data ya Google inayoulizwa kwa lugha ya SQL, ina seti ya umma iitwayo ga4_obfuscated_sample_ecommerce, ya Novemba 2020 hadi Januari 2021. Baadhi ya thamani zake zimefichwa kwa makusudi, kwa hiyo usitarajie hesabu zote zikubaliane, ila kwa kujifunza muundo inatosha kabisa. Swali langu la kwanza kwenye data nisiyoijua huwa halibadiliki: hesabu ya kila event_name kwa kila siku, basi. Hapo utaona sign_up na Sign_Up zikiwa mbili, kwa kuwa herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti. Utaona tukio lililokufa katikati ya mwezi, na jingine lililozaliwa siku hiyohiyo kwa jina linalofanana nalo. Mtu alibadilisha jina na hakumwambia mtu.

Baada ya hapo chukua user_pseudo_id moja, yaani kitambulisho cha mgeni, panga matukio yake kwa event_timestamp, muda wa kila tukio, uyasome kama hadithi. Aliingia ukurasa gani, akateremka, akatafuta nini, akatokea wapi. Kazi hii inaonekana ya kupoteza muda, na ndiyo iliyonifunulia hitilafu nyingi kuliko hesabu yoyote. Chukua mfano wa page_view, tukio la kutazama ukurasa, zilizoongezeka ghafla karibu mara mbili, huku watumiaji wakiwa walewale. Ukisoma mtumiaji mmoja unakuta kila ukurasa una page_view mbili zilizopishana kwa sehemu ndogo ya sekunde, anwani ileile. Hakuna binadamu anayesoma hivyo. Kwenye tovuti za ukurasa mmoja unaobadilika bila kupakiwa upya, mara nyingi chanzo ni kwamba GA4 inatuma page_view yenyewe kila historia ya kivinjari inapobadilika, na mwandishi wa programu naye ameweka ya kwake. Ondoa mojawapo.

Mitego ya jedwali lenyewe ni michache lakini inauma. Vigezo vimefungwa ndani ya safuwima moja, event_params. Ukivifungua kwa amri ya SQL ya UNNEST kwenye FROM halafu ukahesabu safumlalo, tukio lenye vigezo 8 linakuwa 8, na utapeleka kikaoni namba ya kujivunia isiyo ya kweli. Chomoa kigezo unachokitaka kwa swali dogo ndani ya SELECT. Kila thamani nayo hukaa kulingana na aina yake: namba ya bidhaa 48213 inaweza kuangukia int_value, na 48213A ikaenda string_value. Ukisoma safuwima moja tu, sehemu ya bidhaa zako inayeyuka kimyakimya. Tumia COALESCE, inayochukua thamani ya kwanza isiyo tupu. Na ga_session_id, namba ya sesheni, peke yake haitambulishi sesheni, kwa kuwa imetokana na sekunde ambayo sesheni ilianza. Wageni wawili walioingia sekunde ileile wataonekana mmoja. Iunganishe na user_pseudo_id. Saa nazo: event_timestamp ni mikrosekunde kwa UTC, event_date inafuata majira uliyoyaweka kwenye akaunti.

Namba ikiporomoka, igawe kabla ya kuieleza: kwa kivinjari, kwa aina ya kifaa, kwa ukurasa. Ikiporomoka kwenye Safari tu, shuku msimbo au vidakuzi. Ikiporomoka kote kwa wakati mmoja, uliza ni toleo gani jipya la tovuti lilitoka, au kama kibao cha ridhaa, kile kinachoomba ruhusa ya vidakuzi, kimebadilishwa. Msimu na soko viwe dhana zako za mwisho, ingawa bosi atazipenda zaidi.

Kwa manunuzi, linganisha tukio la purchase na oda zilizomo kwenye hifadhidata ya tovuti. Hazitalingana, na hakuna haja ya kuzilazimisha: wapo wanaozuia, wapo waliokataa ridhaa. Unachokilinda ni pengo lisibadilike ovyo. Matukio yakizidi oda halisi, tafuta transaction_id, namba ya muamala, iliyojirudia au isiyokuwepo. Mara nyingi watu wanafungua tena ukurasa wa shukrani.

Ukishaipata hitilafu, usimtumie mwandishi wa programu picha ya grafu. Mtumie anwani ya ukurasa, kivinjari na toleo lake, hali ya ridhaa, ulichobofya, na ombi lenyewe: bofya kulia kwenye Network, chagua Copy as cURL, inayonakili ombi kama amri ya kuendeshwa tena, bandika kwenye tiketi ya hitilafu. Fanya hivyo ukiwa kwenye dirisha la faragha, usiloingia na akaunti yako, kwa sababu ombi hubeba vitambulisho, na tiketi husomwa na wengi.