Kwa unayeanza kazi ya farasi na mafunzo ya uongozi

Wengi wanaokuja kujifunza kazi hii, ya kuwafunza wakubwa wa ofisi uongozi kwa kuwapa farasi wamwongoze, wameshasikia kwamba farasi husoma moyo wa mtu. Hilo litoe kichwani mapema. Farasi husoma mwili. Kule Berlin, zaidi ya miaka 100 iliyopita, alikuwapo farasi aliyeitwa Hans, akisifiwa kwamba anajua hesabu: ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato mara saba. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akaifichua siri. Muulizaji asipolijua jibu, Hans naye halijui. Kazi yake ilikuwa kutazama kichwa na mabega ya aliye mbele yake, akaacha kupiga kwato pale mtu alipotikisika kidogo bila mwenyewe kujua.

Kisa hiki kinakuhusu wewe kuliko mteja. Ukisimama kando ya uzio huku unatamani meneja wa hoteli afaulu, mwili wako utasema. Utainamia mbele, utashusha pumzi, farasi atapiga hatua, na meneja atarudi zake Nyali, hapa Mombasa, akijiona kiongozi kwa kazi uliyoifanya wewe. Tulia. Kaa ubavu, mikono isichezecheze.

Zoezi lenyewe ni dogo: mtoe farasi hapa, mfikishe pale. Hapandwi. Mkubwa aliyezoea kuamrisha huivuta kamba, farasi naye hukaza shingo, na mnyama wa kilo 450 havutwi na mtu mmoja. Baadaye hugundua kwamba akigeukia anakokwenda na kuanza kutembea, farasi hufuata. Ila tazama kinachofuata, maana hapo ndipo penye somo: farasi ameshatii, na mkubwa bado anavuta. Farasi hujifunza kamba inapolegea. Asipolegezewa, kutii na kukataa kwake vina malipo yale yale. Uliza swali moja tu: ofisini kwako, mtu akishatenda ulilotaka, anajuaje kuwa umeridhika? Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu hadi kikuwashe.

Wapole nao wana taabu yao. Wanamwita farasi kwa sauti nzuri huku miguu yao imeshageuka kuondoka.

Usimfasirie mtu. Sema ulichokiona: ulivuta, akasimama, masikio yakaenda nyuma. Maana ataitafuta mwenyewe, kwa kuwa ofisi ni yake. Na mafunzo haya si tiba. Akitokea mtu mwenye msiba au jeraha la zamani likafumuka pale uwanjani, huyo ni wa mshauri nasaha aliyesomea, na wewe huwi mshauri nasaha kwa sababu farasi amesimama karibu.

Wenyeji wa hapa wengi tumewazoea punda wa mikokoteni ya maji, tukadhani farasi ni punda mrefu. Punda akishtuka mara nyingi husimama akagoma. Farasi hukimbia kwanza, akajiuliza baadaye. Huona karibu pande zote isipokuwa nyuma yake hasa na mbele ya paji la uso. Basi mwendee begani, ukisema naye, na wageni wafundishe hivyo kabla hawajashika kamba.

Kuhusu joto sina masihara. Farasi hujipoza kwa jasho, na unyevu wa Mombasa huzuia jasho lisikauke. Msimu wa kaskazi anza alfajiri ikishapambazuka, maliza kabla ya saa tatu asubuhi. Maji yawepo wakati wote. Lita 30 kwa siku ni kawaida, na joto likizidi hunywa zaidi. Nyasi zitie horini, usizitupe mchangani. Farasi hula na mchanga, ukajikusanya matumboni, ukaja msokoto wa tumbo, na yeye hawezi kutapika. Wapo waliokufa kwa hilo.

Haya yote saisi, yaani mtunza farasi, anayajua kukupita, ingawa kwenye ratiba za mafunzo jina lake huwa halimo. Mwulize asubuhi, kabla ya kupanga nani afanye kazi na farasi yupi. Akisema huyu leo apumzike, basi apumzike, hata kama wateja wameshalipa na wameshashuka garini.