Sungura na nyumba inayoitika

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma baada ya sala ya alfajiri, nikaurudia tena. Unasema mjukuu wangu kila usiku anadai ngano ya Sungura, nawe unasita, maana Sungura ni mwongo, tena mwizi wa asali. Unauliza vipi bibi yako, mcha Mungu yule, alitulaza sisi kwa visa vyake, kisha akakulaza na wewe.

Kumbuka tulivyoanza. "Paukwa!" Nasi, "Pakawa!" Au, "Hadithi, hadithi!" na jibu, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unaitwa kwa jina lake, watoto wote wakisikia. Hapo hakuna anayedanganywa. Tulikuwa tunafunguliwa uwanja wa kucheza, na mipaka yake tunaijua.

Kisa alichokipenda bibi yako ni kile cha Simba kujificha nyumbani kwa Sungura. Sungura anarudi, anaona nyayo, anasimama mbali na kuita, "Hujambo, nyumba?" Kimya. Anaita tena. Kimya. "Ajabu! Kila siku nikiisalimu nyumba yangu huitika. Leo lazima kuna mtu ndani." Simba, kwa kuogopa kugundulika, akanguruma, "Sijambo!" Hapo bibi yako alikuwa akilitia jibu hilo sauti nzito mpaka vyombo vinalia, nasi tunagaagaa mkekani kwa kicheko.

Nilipokuwa mkubwa, baada ya baba yako kufariki, kisa hicho kilinirudia kwa namna nyingine. Nilikuwa na hasira siku nyingi, nikawa najiuliza kabla ya kusali: ndani humu kuna nani leo? Nikisalimu moyo wangu, anayeitika ni mimi au ni simba aliyejibanza? Hakuna mawaidha yaliyonifunza kujikagua hivyo. Nilifunzwa na Sungura, nikiwa nacheka.

Tena angalia anamchezea nani. Simba, Fisi, Tembo: wenye nguvu. Yeye hana kucha wala meno ya kutisha, ana masikio na akili. Mnyonge akimcheka mbabe, hofu inapungua kidogo, na moyo uliopungukiwa hofu unaweza kumwelekea Mungu vizuri zaidi. Waafrika waliochukuliwa utumwani Marekani walifika mikono mitupu, lakini Sungura walifika naye. Mwaka 1880 mwandishi wa magazeti wa Atlanta, Joel Chandler Harris, alichapisha visa alivyovisikia kwa watu waliokuwa watumwa, na humo yumo Sungura aliyenaswa kwenye sanamu ya lami. Mimi hilo hunitoa machozi. Watu waliofanyiwa yale, na bado jioni walicheza na watoto wao.

Na hiyo sanamu usiiruke, mwanangu. Huku kwetu hupakwa ulimbo, ikawekwa kisimani Sungura anakoiba maji. Anaisalimu, haijibu. Kwa kiburi anaipiga kofi, mkono unanata, wa pili, unanata, mguu, kichwa. Yule yule aliyeisubiri nyumba yake iitike sasa amekosa subira ya salamu moja. Na ukumbuke ni Kobe, mpole wa mwendo, aliyemshinda mbio. Wazee hawakumfanya Sungura mtakatifu. Walimwachia aadhirike mbele yetu, nasi tukampenda vile vile, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa rehema.

Kwa hiyo msimulie. Mtoto akisema "Sungura ameiba", usimkatize wala usimwahi kwa funzo. Muulize yeye angefanya nini, kisha endelea. Ila lile "Sijambo" la Simba usilitamke kwa aibu kama unavyozungumza na wageni. Litoe tumboni. Na ukikwama nipigie baada ya isha, uniweke kwenye spika, nimngurumie mimi.

Mama yako