Nyumba ya Lutoboka: nitoze ngapi Krismasi, nitoze ngapi Aprili?

SWALI: Shikamoo mama. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba vitatu karibu na gati la Lutoboka, Kalangala, katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria. Huu ni mwaka wa pili tunapokea wageni. Chumba ni shilingi 120,000 kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi, na bei ni hiyohiyo mwaka mzima. Krismasi nakataa watu hadi naona haya. Aprili mlinzi anafagia majani tu. Kaka yangu anasema mvua ikianza nishushe hadi 60,000. Mimi naogopa. Nifanyeje? — Msomaji, Entebbe

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabla hujagusa bei, iangalie kwanza ratiba ya meli.

MV Kalangala, kwa ratiba tuliyoizoea, huondoka gati la Nakiwogo, hapo Entebbe, saa nane mchana ikafika Lutoboka saa kumi na moja na nusu hivi. Kurudi huondoka saa mbili asubuhi. Mgeni aliyelipia usiku mmoja anashuka jua linaelekea kuzama, anakula samaki, analala, anaamka kukimbilia meli. Ufukwe hajaukanyaga. Huyo hata ukimlaza kwa 60,000 ataondoka akisema Ssese hakuna kitu. Lazima alale mara mbili ndipo apate siku moja kamili ya mchanga na maji, na hiyo siku ndiyo unayouza. Wanaokuja na gari kwa kivuko cha Bukakata, upande wa Masaka, hawabanwi hivyo. Hao wauzie usiku mmoja wakitaka, ila si sikukuu.

Mimi jambo hili lilinigharimu. Nilikuwa na vyumba vinne, na Novemba moja kijana akanipigia simu, anataka tarehe 25 Desemba tu. Nikakubali kwa furaha. Wiki iliyofuata familia moja ikataka chumba hichohicho kuanzia 24 hadi 27. Sikuwa nacho. Tarehe 24 na 26 kilikaa kitupu huku kila nyumba ya jirani imejaa. Bado nakiona kile kitanda, shuka limenyooshwa, taulo limekunjwa juu yake, muziki wa jirani unaingia dirishani.

Kwa hiyo kuanzia 23 Desemba hadi 2 Januari usipokee mtu chini ya siku tatu. Toza 180,000 kwa usiku, nusu ilipwe kwa simu siku anayoweka nafasi. Tangaza bei hiyo Oktoba na usiibadilishe. Aliyekwisha kulipa asije akasikia mwenzake kapewa bei nyingine, kisiwani maneno hayalali.

Sasa mvua. Masika yetu ni Machi hadi Mei, vuli Septemba hadi Novemba, lakini humo ndani mna siku za dhahabu. Pasaka ya 2027 ni 28 Machi. Na angalia sikukuu inaangukia siku gani ya wiki. Ijumaa ya kawaida mwajiriwa wa Kampala hawezi kuiwahi meli ya saa nane. Tarehe 9 Oktoba 2026, sikukuu ya Uhuru wa Uganda, ni Ijumaa: siku hiyo anaiwahi, analala mara mbili, Jumapili asubuhi anarudi. Usiku kama huo usiupunguze hata shilingi, mvua inyeshe isinyeshe. Sikukuu ya Jumatano haikuletei mtu.

Kuhusu 60,000 ya kaka yako, tupige hesabu. Chai ya watu wawili 15,000, kufua na sabuni 10,000, usafi 10,000, umeme na maji 8,000. Hiyo ni 43,000. Ukitoza 60,000 unabaki na 17,000. Ukitoza 90,000 unabaki na 47,000. Yaani utahitaji karibu wageni watatu wa bei ya kaka ili kumfikia mmoja wa 90,000, na Aprili hao watatu hawapo. Wanaokaa nyumbani wanakimbia mvua na mawimbi, wala si bei yako. Tangaza badala yake: lipia siku tatu kwa 120,000 kila moja, ya nne bure. Inakuwa 90,000 kwa usiku, na bei yako ya ukutani haijashuka. Tafuta pia wanaokuja kwa kazi, mafundi, watu wa semina, wasiojali ufukwe. Siku zinazobaki paka rangi.

Jambo moja dogo: mwezi unapoandama wadudu wa ziwani hutoka kwa wingi wakajaa kwenye taa. Weka wavu madirishani na umwambie mgeni kabla hajalipa. Atakuheshimu.

Na fungu la Desemba usilile lote. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likameza fukwe, na waliokuwa hawana akiba walifunga.

Wiki hii nenda mwenyewe Nakiwogo ukaulize ratiba, maana meli ikiingia matengenezo hesabu yote hii inageuka. Usipokee pesa ya mtu wa Desemba kabla hujaulizia.