Kabla ya Kuandika Bei ya Kadi, Uliza Skrini

Wadogo zangu wa kaunta na wa benchi la nyuma,

Wiki hii nimeshika tena karatasi ya bei iliyoandikwa na mmoja wenu, ambaye sitamtaja kwa kuwa mwandiko wake mnaujua: kadi ya grafiki ya RTX 4070 juu ya prosesa ya Core i5-6500, kwa mteja mwenye skrini ya 60 Hz (picha 60 kwa sekunde) anayecheza gemu ya Valorant. Nilipouliza hesabu hiyo imetoka wapi, nilionyeshwa tovuti inayopokea jina la prosesa na jina la kadi, kisha inatoa asilimia ya namna moja inavyoibana nyingine. Tovuti hiyo haikuuliza gemu gani, wala skrini gani, wala ubora wa picha umewekwa juu au chini. Asilimia ya namna hiyo haina maana yoyote, na mteja wa Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, ambaye ameshapanda na kushuka ngazi za nusu ya maduka ya mjini atawagundua kabla hamjamaliza kuisoma.

La kwanza, basi, ni kuelewa nani anafanya nini. Prosesa huandaa kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu: mchezaji amesimama wapi, risasi imepita wapi, adui ameamua nini, kisha huipa kadi maagizo ya kuchora. Kadi huchora. Ukitoka ukubwa wa picha wa 1080p ukaingia 1440p, kadi inapaswa kuchora pikseli milioni 3.7 badala ya milioni 2.1 kwa kila fremu, ilhali kazi ya prosesa hubaki karibu ileile. Ndiyo maana prosesa inayoweza kuandaa fremu 90 kwa sekunde katika gemu fulani itaendelea kuandaa 90 hizo hizo hata ukiifungia kadi yenye bei ya kiwanja cha Kitengela. Anayecheza Cyberpunk 2077 kwenye 1440p, kila kitu kikiwa juu, fedha zake ziende kwenye kadi. Anayecheza Counter-Strike 2 kwenye 1080p na skrini ya 165 Hz, akitaka fremu zote ambazo skrini hiyo inaweza kuonyesha, aanze na prosesa. Anayetaka kucheza kandanda na binamu zake kwenye televisheni ya sebuleni ya 60 Hz hahitaji ndoto zenu. Core i5-12400F au Ryzen 5 5600, zote zikiwa na viini 6 na nyuzi 12 (kazi zinazoendeshwa kwa pamoja), pamoja na kadi ya kiwango cha RX 6600, zitamtosha na chenji atarudi nayo nyumbani.

Kwa hiyo prosesa na kadi haziozeshwi zenyewe kwa zenyewe. Kila moja hupimwa mbele ya skrini na gemu ya mwenye mashine, na kama hamjauliza mambo hayo mawili, kalamu ikae mfukoni.

La pili litachukua nafasi kubwa kwa sababu kosa lake ni langu, na kwa sababu nimemwona mmoja wenu akilinyemelea. Kijana mmoja wa Kayole alikuja na fedha za mashine lakini si za kadi. Nilimshauri achukue Ryzen 5 5600G, ambayo ina grafiki zake za ndani, aanze kucheza kidogo kidogo huku akiweka akiba. Ushauri huo nausimamia hadi leo. Nilimfungia ubao mama wa B550, nikamweleza kwa majivuno kwamba una PCIe 4.0, njia ya data kati ya kadi na prosesa, na kwamba kadi yoyote atakayoleta itakaa raha mustarehe. Aliporudi kununua kadi alikuwa amefuatana na mama yake, na mama ndiye aliyekuwa na M-Pesa. Nikawapa RX 6500 XT: ilikuwa mpya, imo ndani ya boksi, bei yake iliingia kwenye bajeti, na vipimo nilivyovisoma viliridhisha. Sikujiuliza vipimo hivyo vilifanywa kwa prosesa ipi.

Kadi hiyo ina kumbukumbu ya GB 4 na njia 4 tu za PCIe. Kwenye PCIe 4.0 hali huvumilika, kwa kuwa kumbukumbu ikijaa, data inayoletwa kutoka kwenye RAM hupita kwa kasi ya kuridhisha. Lakini 5600G, tofauti na 5600 isiyo na herufi, haiijui 4.0, mwisho wake ni 3.0, hata ubao mama uandikwe nini kwenye boksi lake. Kadi iliyokwisha kubaniwa njia ikajikuta inapata nusu ya kasi iliyoitegemea. Kijana alifungua gemu yake ya magari, akapandisha ubora wa picha, na kila alipokata kona kwa kasi picha iliganda kidogo kisha ikaruka mbele, gari likiwa tayari limo ukutani.

Nilisingizia kila kitu isipokuwa kichwa changu. Nilibadilisha RAM. Nilisakinisha Windows upya, nikafuta draiva na kuziweka tena, nikaibadilisha hata pawa saplai iliyokuwa nzima kabisa. Mwishowe, kwa uso mkavu, nilimwambia mama yule kwamba huenda stima ya mtaani kwao inapanda na kushuka. Alinitazama, akajibu taratibu: "Fundi, friji yangu inatumia stima hiyo hiyo, na haijawahi kukwama kwenye kona."

Jioni ile nilifungua GPU-Z, programu inayosoma hali ya kadi, gemu ikiwa inaendelea, nikasoma kilichoandikwa pale: x4 3.0, yaani njia 4 za PCIe 3.0. Nikashusha ubora wa tekscha (sura za vitu kwenye gemu) ngazi moja ili kumbukumbu isijae, na kule kukwama kukaisha papo hapo. Nilikuwa na chombo hicho kwenye mashine ya benchi siku zote hizo. Niliichukua kadi, nikampa kijana RX 6600 yenye GB 8 na njia 8, ambayo hata kwenye 3.0 hupoteza kidogo tu, na tofauti ya bei nikailipa mimi. Mama alishukuru kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi.

Mkifungua GPU-Z, hakikisheni kadi iko kazini, kwa sababu ikipumzika hushusha kasi ya njia zake na mtasoma namba ya kuwatia hofu bure. Na mjihadhari na Ryzen 5 5500. Jina lake linakaribiana na 5600, bei yake inavutia, lakini kwa ndani ni ndugu wa 5600G aliyezimiwa grafiki: kashe ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, na PCIe yake ni 3.0. Si prosesa mbaya. Ni prosesa ya kuuzwa na mtu anayejua anachouza.

La tatu ni mashine za ofisi za ex-UK, yaani zilizokwisha kutumika Uingereza, ambazo zimelisha familia nyingi mjini hapa, yangu ikiwemo. Core i7-4770 ya mwaka 2013 ina viini 4 na nyuzi 8, na bado inaweza kumsaidia mtoto wa shule anayecheza gemu za zamani. Tatizo ni kwamba vile vikasha vyembamba mara nyingi huja na pawa saplai ya wati 240 hivi, na plagi zake si za kawaida, kwa hiyo hamwezi kuichomoa na kuweka nyingine mliyookota kwenye rafu. Nafasi ya kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75 na si zaidi. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150. RTX 3060 peke yake hutaka 170. Kwa kasha la namna hiyo tafuteni GTX 1650 fupi ya kimo (low profile) isiyo na plagi ya umeme, kisha mfunge mjadala.

Kadi ya Intel Arc B580 ina GB 12 na inapendeza kwa bei yake, lakini bila Resizable BAR, mpangilio unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, au juu ya prosesa kuukuu, huanguka vibaya. Karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane hazimo kwenye orodha ya Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Mwambieni mteja kabla hajalipa. RAM ziwe mbili, si moja kubwa, na XMP, mpangilio wa kasi kamili ya RAM, iwashwe kwenye BIOS (mipangilio ya ubao mama), la sivyo RAM ya 3200 huenda ikatembea kwa 2133 au 2400 huku mkiilaumu prosesa.

Mashine isitoke dukani kabla ya kuchezwa gemu ya mteja mwenyewe, kwa ukubwa wa skrini yake, Afterburner, programu ya vipimo, ikionyesha namba pembeni. Kadi ikisoma asilimia 97 au zaidi, inafanya kazi yote inayoweza. Ikisoma 60, angalieni kwanza kama kuna kikomo cha fremu kilichowekwa; kama hakipo, shusheni ukubwa wa picha, na fremu zikikataa kuongezeka, prosesa ndiyo inayosubiriwa. Msidanganywe na wastani wa prosesa unaosoma 40. Tazameni kiini kimoja kimoja, mtakuta kimojawapo kimefika kikomo huku vingine vikipumzika.

Na kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao mama. Kwenye 12400F skrini itabaki nyeusi na mteja atapiga simu palepale. Kwenye 5600G, kama grafiki za ndani zimeachwa wazi, itawaka vizuri, gemu itajikokota, naye atapanda matatu kutoka Rongai na kasha mapajani kuja kuambiwa ahamishe kebo. Huyo mlipieni nauli ya kurudi.