Kabla Hujanunua Shokapu Mpya, Tazama Pete

Juzi msomaji mmoja wa Njoro, mbeba maziwa kama mimi, aliniandikia kwamba pikipiki yake inagonga chini kila shimo, na fundi amemwambia anunue shokapu. Ndugu yangu, usitoe shilingi kwanza. Nilipita hapo hapo, na hadi leo inaniuma.

Mimi hubeba mikebe miwili ya lita 50 kutoka mashambani Dundori. Maziwa pekee yanapita kilo 100. Kabla ya kushika lami ni mawe na mifereji ya mvua. Asubuhi moja kitu kiligonga gaa! chini ya kiti, mpira wa kufungia ukakatika, mkebe mmoja ukamwagika wote. Nilisimama nikitazama matope yakigeuka meupe na kifuniko kikibingirika hadi mtaroni. Maziwa yale yalikuwa ya akina mama walioamka saa kumi kukama. Niliwalipa kidogo kidogo, wiki tatu.

Fundi akaniuzia shokapu mbili mpya. Zikagonga vilevile.

Jumapili moja nikiosha pikipiki ndipo nilipoona: pete ya springi ya kushoto, ile yenye ngazi ambayo ukiizungusha hukaza springi ya shokapu, ilikuwa ngazi ya kwanza, ya kulia ya tatu. Aliyezifunga hakujali hata kuzilinganisha! Nilizipanga mwenyewe, na tangu hapo sijamwaga tone. Watu wa pikipiki, tumezoea kumwamini kila mwenye spana mkononi. Kijue chombo kinachokulisha.

Pete ikipanda ngazi, springi hukazwa kabla ya kubeba, kwa hiyo pikipiki haididimii sana ukipakia. Simamisha kwa stendi kubwa, sugua matope, tia oili, zungusha pete kwa spana ya ndoano ngazi moja moja. Pande zote mbili ziwe sawa, tafadhali, sawa kabisa. Pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama chini ya kiti gurudumu likining'inia, kisha ukae na mzigo wako, mwenzako apime tena. Ikididimia zaidi ya thuluthi ya nafasi yote ambayo gurudumu linaweza kupanda na kushuka, panda ngazi.

Ukiona oili inavuja kwenye fimbo ya shokapu, hapo kweli nunua.

Mimi hutumia ngazi ya nne nikiwa na mikebe, na ya pili siku nisiyo na mzigo, maana ikikazwa bure hurusha gurudumu la nyuma kwenye kokoto. Wewe wa Njoro, anza na ya tatu kesho, pima, kisha uniandikie.